Mfupa wa Komando

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nilikuwa na kazi moja iliyokuwa yangu peke yangu: kuua damu ya mifupa ya mbwa. Ndivyo bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Koko, alivyoiita. Aliamini, kama wazee wa milima ya Uvira, huko Kongo alikotoka, kwamba mbwa akitafuna mfupa mbichi damu humpanda kichwani. Ataanza na mbuzi, kisha atahamia kwa watoto. Kwa hiyo kila mfupa ulichemshwa mpaka ukawa mweupe, ukakaushwa juu ya mafiga, na haukutolewa kabla ya kugongwa na kusikika ukilia kama kigae.

Nilivunja utaratibu huo mara moja tu. Kuni zilikwisha, nikamtupia mbwa wetu, Komando, goti la mbuzi likiwa bichi. Alilitafuna kwa utulivu na hakudhurika. Lakini jirani yetu, Papa Riziki, aliniona kutoka shambani kwake.

Jumamosi iliyofuata kanisa letu lilikuwa na harusi, nami nikatumwa nyumbani nikiwa na mbavu za mbuzi. Kwa hofu ya macho ya Papa Riziki nilizichemsha muda mrefu kuliko kawaida, nikazikausha, nikazigonga mwenyewe, kwa kuwa Koko alikuwa bado harusini. Kisha nikampa Komando ubavu mmoja. Kwanza nilisikia mlio wa kuvunjika. Halafu akaanza kujikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele. Halafu taya likabaki wazi, mate yakachuruzika, akakimbilia katika kibanda cha jiko huku akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mbwa.

Papa Riziki alifika na mpini wa jembe, watu wanne nyuma yake. Niliingia kibandani kabla yao, nikafunga mlango kwa gogo.

"Mapendo, toka humo! Iyo imbwa iko na wazimu. Uliipatiaka mufupa mubichi, nilikuonaka na macho yangu!"

"Leo nilitokosa, Papa! Nilichemsha kabisa!"

"Leo ulitokosa, ile wiki ulitupa! Kuya inje, itakuluma!"

Baadaye nikasikia sauti ya Koko, aliyerudi kutoka harusini, nyuma ya ukuta. "Mutoto wa mutoto wangu, unaniua. Niambie kweli."

"Koko, nilitokosa. Nakuapia."

"Basi juu ya nini anatoka povu?"

Nikisema nilichemsha, mimi ni mwongo, kwa sababu nilikwisha kuonekana. Nikisema sikuchemsha, nimempa Papa Riziki ruhusa ya kutumia mpini wake. Kibanda hakikuwa na dirisha. Moshi wa mchana ulikuwa bado umening'inia, na mbwa alikuwa amejibana kwenye kona akinitazama.

Leo nisingemruhusu mtoto yeyote afanye nilichofanya, kwa maana mbwa anayechuruzika mate huenda kweli ana kichaa. Nilimpanua Komando mdomo, nikaona kipande cheupe kimekwama kwenye kaakaa, kimebanwa na magego ya pande zote mbili. Nikaingiza mpini wa mwiko nyuma yake, nikauvuta. Mara ya tatu kikaruka. Komando akafunga mdomo, akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akanywa maji.

Nilifungua mlango ili wote wamwone akinywa.

"Imbwa ya wazimu hainywaka mayi," akasema mwanamke mmoja, na Papa Riziki akashusha mpini.

Koko alinyoosha mkono, nikampa kile kipande. Akakigonga kwenye mwimo wa mlango. Kililia kama kigae, kama mfupa uliochemka. Tulikisikia sisi wawili tu, kwa sababu tulikuwa karibu. Akakifunga haraka katika pindo la kitenge chake, akawageukia watu.

"Ni mubichi," akasema. "Munaona vile huyu mutoto alikuwa anatutafutia kifo? Muende. Nitamupiga mimi mwenyewe."

Hakunipiga. Wala hakunitazama usoni mpaka kesho yake. Kwa watoto wa mtaa wetu nikawa Mapendo wa Mufupa Mubichi, na jina hilo lilinifuata hadi sekondari.

Sasa nafanya kazi katika duka la dawa za mifugo mjini Mbarara. Wafugaji wa Kakiika na Biharwe wakiuliza kuhusu mifupa, huwaeleza hatua kwa hatua: uwe mbichi, wa mnyama mzima wa afya, uliopimwa buchani, uwe mkubwa kuliko mdomo wa mbwa, kaa naye anapotafuna, uondoe ukishakuwa mdogo, osha chombo na mikono. Uliochemshwa au kuchomwa usimpe kamwe, kwa sababu huvunjika kama kioo.

Nakivale siwezi kuyasema hayo, kwa sababu yangemfanya Koko mwongo mbele ya majirani. Koko bado huwasimulia wageni jinsi mjukuu wake alivyokaribia kumwua mbwa kwa mfupa mbichi. Wageni hucheka, nami, nikiwa nimemtembelea, huwamiminia chai. Lakini tangu Jumamosi ile hakuna mfupa wowote, mbichi wala uliochemshwa, uliotolewa kwa mbwa nyumbani kwake. Komando alikula ugali na ndagala, yaani dagaa, mpaka uzee. Kwa hiyo najua kwamba Koko aliniamini siku ileile. Ila ushahidi alionipa ni wa kunyamaza, na ushahidi wa namna hiyo sina mtu ninayeweza kumwonyesha.