Paipu Nane Zisizotikisika

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki na mimi nikatolewa shule, darasa la tatu. Shida yangu ilianzia hapo. Kitu cha mwisho nilichogusa shuleni ni kengele: kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya mbele ya ofisi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikigonga. Siku hiyo nikagonga ya kwenda nyumbani, nikaenda, basi.

Mengine yote nilijifunza kwa mikono. Nilikuja Nairobi kutoka magharibi, nikashika nyundo, nikashika mashine ya kuchomelea, na nimetengeneza mageti Kabiria na Riruta mpaka leo. Ukikuta huko geti la miaka ishirini ambalo halijalegea, uliza lilitengenezwa na nani. Kazi yangu haitikisiki. Hilo ndilo neno ninalowaambia wateja, na hakuna aliyerudi kunikosoa.

Kwa hivyo mnielewe ninaposema binti yangu kitindamimba amenichosha. Nilitaka awe karani wa benki katika yale maghorofa ya Upper Hill, ambayo mimi nayajua kwa kufunga grili za madirisha tu. Yeye akaenda kusomea ualimu wa muziki. Nikamuuliza, muziki unafundishwa nini, si mtu anaimba tu? Alibandika karatasi nyuma ya mlango wake, malengo yake matatu: kufundisha shule ya msingi isiyo na kinanda, kutengeneza ala kwa vitu vya mtaani, na kuandika kitabu cha kuwaeleza watoto sauti hutoka wapi. Mama yake ndiye aliyenisomea. Mimi husoma polepole, na sikuwa na miwani.

Na hayo mambo anayoyapenda sasa. Birika likianza kulia kabla maji hayajachemka, anainama kulisikiliza. Mabati yakialika jioni, anatuambia chuma kinasinyaa kwa baridi, jambo nililolijua kabla hajazaliwa. Siku moja nilikwenda naye Upper Hill anisaidie kuandika vipimo. Ambulensi ikapita ikilia kuelekea hospitalini. Yeye akasimama kando ya barabara, akaanza kuandika mambo yake. Ati ikija sauti iko juu, ikishapita inashuka, na king'ora ni kilekile. Nikamwambia humo ndani huenda mtu anakufa na wewe unapima sauti. Akamaliza mstari wake, tukaendelea na safari. Lakini tangu siku hiyo kila ambulensi ikinipita naisikia ikishuka, na hilo pia linaniudhi.

Muhula uliopita alitumwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Dagoretti. Mhadhiri wake angekuja Alhamisi kumkagua, na bila alama hizo hangemaliza chuo. Shule yenyewe haikuwa na hata ngoma. Akaniomba paipu nane za maji. Akazikata mwenyewe kwa urefu tofauti, akazigonga, akazisikiliza, akazipiga tupa wiki nzima, mpaka zikapanda ngazi kwa ngazi kutoka do ya chini hadi do ya juu. Kisha akaniomba fremu. Akasema paipu zilale juu ya blada, ule mpira wa tyubu kuukuu tunaofungia mizigo, na zifungwe kwa kamba, lakini zilegee.

Zilegee. Aniambie mimi. Niliona ni kazi ya mtu mvivu, halafu ipelekwe shuleni watu waulize fundi ni nani. Jumatano alipokwenda kufundisha, nikatupa blada kando, nikachomelea kila paipu miisho yote miwili, nikapaka rangi ya kijani.

Alirudi saa kumi. Akachukua kijiti, akagonga ya kwanza. Tok. Ya pili, tok. Zote nane zilisema neno moja kama mlango wa choo.

"Baba, umeziua."

"Nimezikaza."

"Si ndiko kuziua huko."

Nikamwambia hata azipeleke Mombasa na kurudi hazitalegea. Hakucheka. Alichukua kipande cha chuma bapa, akakilaza juu ya vipande viwili vya ndala, akakinyunyizia chumvi ya mama yake, akakigonga. Chumvi ikarukaruka, kisha ikajipanga mistari miwili, mmoja kila upande, pungufu kidogo ya robo kutoka mwisho.

"Hapo pawili tu ndipo pametulia," akasema. "Kwingine lazima pacheze. Sauti ni chuma kutikisika, Baba. Na wewe umezishika kwenye miisho, pale panapocheza zaidi."

Hapo pa chumvi napajua. Ukishika nondo hapo ukaigonga, haikuumi kiganja. Kiganja changu kimepajua miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kuniambia pana maana. Na ile reli ya shule ilikuwa inaning'inia, ndiyo maana ilisikika hadi mtoni. Hayo yote nilikuwa nayo, na bado nikachomelea. Hilo ndilo lililonikasirisha, si yeye.

Nikataka kuwasha grainda nizikate, stima zikapotea. Nikashika hakso, msumeno wa chuma wa mkono. Mama yake akachungulia kutoka jikoni, akauliza, "Fundi, hiyo nayo haitikisiki?" Nikaanza kukata.

Kumbe kukata ni kufupisha, na paipu ikifupika sauti hupanda, tena zile fupi hupanda kuliko ndefu. Ngazi yake yote ikavurugika, na paipu nyingine hatukuwa nazo. Akaishika ile fupi kabisa, akasema hii hatuwezi kuirefusha, basi zingine zote ziifuate. Yeye akagonga na kusikiliza, mimi nikakata. "Kidogo tena, Baba." Nilikata mpaka magharibi kama mwanafunzi wa kazi. Fremu yangu ikabaki na miisho iliyokatwa kama meno, paipu tukazilaza juu ya mbao mbili na blada. Zikalia.

Alhamisi nilizibeba mwenyewe, nikasimama nje ya dirisha la darasa. Watoto waliimba juu kuliko walivyozoea, wengine wakakwama, akawarudisha, wakapanda tena. Mhadhiri akauliza mbona do yake si ile ya siku zote.

"Zilifupishwa kwa makosa," akajibu. "Nikazipatanisha upya."

Hakusema makosa ya nani. Mhadhiri akaandika kwa muda mrefu, akampitisha. Fundi hakuulizwa, na ndivyo nilivyobeba mbao zangu kurudi.

Leo nina ploti moja Kabiria, vyumba viwili vya mawe na vinne vya mabati. Nina mashine mbili za kuchomelea, moja mbovu. Grainda moja, jiliwa, hakso, miwani. Nina mke anayenicheka na binti aliyefaulu. Na nina fremu moja ya kijani yenye miisho kumi na sita ya paipu. Nimejaribu kuing'oa kwa nyundo. Haitikisiki.