Mkono Unaooshwa Mara Saba

Juzi, zahanatini Temeke, mzee mmoja mwenye duka alimkunjia mganga ngumi ya kushoto. Mkono huo, pamoja na mguu wa upande huo, ulikuwa umepooza kwa kiharusi; sasa mkono unakunjika.

"Umetumia dawa gani, mzee?"

"Mbwa wa jirani. Kila asubuhi anaulamba barazani."

"Nawe Mwislamu unamwachia?"

"Nimfukuze kwa mguu upi? Akishalamba, nauosha mara saba kama dini inavyotaka, moja kwa udongo. Mwanzo mke wangu ndiye aliyeniosha. Alipochoka akasema, 'Mkono wako, jioshee.' Nikausugua, nikaukunja, nikaukunjua, mpaka ukaamka."

"Basi uendelee kuuosha, hata mbwa asipokuja."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Mara saba, bila kulambwa? Mie nina wazimu?"

Mganga akaandika kwenye cheti: mbwa, mara moja kwa siku.