Watu Thelathini wa Kituo cha Tisa

Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kusimama kwenye vituo vya basi na kuhesabu watu. Alikuwa na kidude cha chuma kinachoenea kiganjani. Abiria akipanda, anabonyeza, tarakimu inaruka. Ofisi nzima ya usafiri ilimwita Mama Hesabu, na hata mumewe alikuwa amesahau kumwita kwa jina la mtoto wao.

Kisha mji ukajengwa upya. Maghorofa yakapandishwa kando ya barabara ya mabasi, ili mtu atoke kwake na kufika kituoni kabla jasho halijamtoka. Kila kituo kikawekewa kamera inayohesabu vichwa. Watu wakiwa wengi, kompyuta inatuma basi la ziada yenyewe, bila kuulizwa. Mama Hesabu akahamishiwa chumba cha mafaili, akapewa kiti cha kuzunguka na mhuri wa kugonga. Hakununa. Ila kidude alibaki nacho kwenye mkoba.

Asubuhi moja alimsikia Mhandisi, dada kijana aliyesimamia mitambo, akigombana na skrini.

"Kituo cha tisa kitanitia wazimu! Kila siku saa nne kamera inaona watu thelathini. Basi linatumwa, linaondoka na wawili."

"Na hao ishirini na wanane wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, mama. Hawapo. Ni kosa la mtambo tu. Kamera nimeshabadilisha mara mbili."

"Umewahi kwenda kuwaangalia?"

Mhandisi alikuna kichwa kwa kalamu. "Sijawahi."

"Basi niache niende mimi."

Kituo cha tisa kilikuwa chini ya ghorofa analoishi Mama Hesabu mwenyewe, lakini alikuwa akipita hapo alfajiri akienda kazini na jioni akirudi. Saa nne ya asubuhi hakuijua. Alijibanza upande wa pili wa barabara, akatoa kidude, akaanza. Kumi na mbili. Ishirini. Thelathini na moja! Kamera haikusema uongo hata kidogo.

Basi likafika, milango ikafunguka. Wawili wakapanda, wengine hakuna aliyeinuka. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Jamani, mnapanda au mnanichezea?"

"Nenda tu, mwanangu, safari njema!" bibi mmoja akamjibu, na benchi zima likacheka.

Sauti ile Mama Hesabu aliifahamu. Akavuka barabara mbio mbio. Kwenye benchi, katikati ya fundi redio aliyetandaza nyaya mapajani na mwanamke aliyekuwa akimsuka jirani yake, alikaa mama mkwe wake, anayeishi nao orofa ya saba. Watu wote nyumbani walijua kuwa mchana kutwa huwa amelala.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Siendi mahali. Nimekaa."

"Umekaa kituoni?"

"Sasa nikae wapi? Kule juu nikifungua mlango naona mlango. Hapa naona watu." Akasogea kidogo. "Hebu kaa, unatuzibia."

Mama Hesabu akakaa. Akauliza huyu, akauliza yule, na jibu likawa lile lile. Kwenye mchoro waliooneshwa kabla ya kuhamia, nyuma ya maghorofa palikuwa na uwanja wenye miti na mabenchi. Alizunguka kwenda kuuona kwa macho yake. Alikuta matangi ya maji, uzio wa waya na kufuli. Kivuli pekee mtaa mzima kilikuwa paa la kituo.

Aliporudi ofisini na habari hizo, Mhandisi alishusha pumzi. "Afadhali! Hiyo rahisi. Naifundisha kompyuta isimhesabu mtu aliyekaa zaidi ya dakika ishirini."

"Yaani isiwaone."

"Isiwahesabu, mama."

"Mama mkwe wangu naye?"

Mhandisi alimtazama, akatazama skrini yenye vidoti thelathini vilivyotulia tuli. Alikuwa akivitazama mwezi mzima. "Kipi ni yeye?" akauliza taratibu.

"Cha tatu kutoka kushoto."

Kesho yake walikwenda pamoja. Mhandisi alisema wangekaa dakika kumi, akakaa saa mbili, na akarudi ofisini nywele zake zimesukwa upande mmoja. Kompyuta aliifundisha vilevile, kwa sababu basi tupu ni basi tupu. Lakini ripoti yake ilikuwa na ukurasa wa pili, unaohusu uzio. Barua zilizunguka miezi mitano, wakubwa wakatupiana mpira, mwishowe matangi yakasogezwa pembeni, mabenchi yakaletwa na miche ikapandwa.

Nusu ya watu wakahamia uwanjani. Nusu wakagoma, akiwemo mama mkwe, anayesema miche haina hadithi na kituoni ndiko anakojua nani kaja na mzigo gani.

Mama Hesabu hakurudi kwenye mafaili. Mhandisi alimwombea kazi isiyo na jina rasmi: tarakimu zikigoma kueleweka, yeye huenda kuuliza. Wiki hii yuko kituo cha kumi na saba. Kuna watu kumi na wanne wanaopanda basi kila Jumanne, wanafika mwisho wa njia, hawashuki, wanarudi. Ameshakata tiketi yake.