Siku Niliyobeba Yai la Joka Ukweni

Nitawasimulia, lakini mcheke taratibu, maana hata leo nikipita chini ya ile nyumba pale Mushaki masikio yananiwaka moto, na kama kungekuwa na njia nyingine ya kwenda sokoni ningeifuata hiyo, hata ikinizungusha kilima kizima.

Chanzo ni mchezo. Mnaujua ule wetu wa Jumamosi kwenye salle, ule ukumbi wa parokia: tunakaa mezani watu wachache, kila mmoja anakuwa shujaa katika nchi ambayo haipo, Dada Solange anatuongoza (ni fundi cherehani, lakini sauti yake peke yake inatosha kukuonyesha msitu mzima), na kete ndizo zinaamua kama umeruka korongo au umetumbukia. Mimi Espoir, mtu mzima mwenye ndevu, sijauzoea mpaka leo. Solange akisema tu kwamba mlango wa mawe umefunguka na ndani kuna mwanga, mwili unanisisimka.

Tatizo langu ni kwamba shujaa wangu haachi kitu. Akikuta upanga anabeba, akikuta ngazi anabeba, ngoma ya mfalme anabeba, fromage, yaani jibini, nzima nzima za kulisha jeshi anabeba, wakati sheria inasema kila shujaa ana kiasi chake cha mzigo kulingana na nguvu zake, na mimi kila mara nilijifanya nimesahau kujumlisha. Siku ile tukapata yai la joka, lile tulilolitafuta tangu mvua zianze. Nikawahi kusema, "Nabeba mie!" Solange akaweka kete chini, akaniangalia.

"Espoir, weye uko muntu ao uko kamio ya mizigo?"

Akatunga sheria palepale: kila kitu ulichobeba mchezoni ni jiwe moja, jiwe linaandikwa kwa chaki, linaingia kwenye sac, mfuko wa kamba, na sac inakaa mgongoni mwako mwenyewe, siyo mgongoni mwa shujaa. Ikitoka mgongoni tu, vyote vimeangukia msituni na vimepotea. Wenzangu wakaanza kupunguza vitu haraka haraka, Kambale, mtoto wa mwenye duka, akabaki na kisu na blanketi. Mimi nikatoka kwenda kando ya barabara kuokota mawe, nikayaandika yote, na yai nikalichagulia jiwe jeusi la mviringo, zuri kabisa. Nilipojitwisha, magoti yalilia.

Hapo simu ikaita. Ni Furaha, mchumba wangu. Baba yake alikuwa aonane nami Jumapili kwa mara ya kwanza, aseme kama familia yangu inaweza kutuma watu wa kuposa au tusahau, lakini sasa amepata safari, anataka nije mara moja, baba wadogo wameshafika toka Burungu na wamekaa. Nyumba ni pale juu tu, ng'ambo ya parokia. Nikamwangalia Solange, nikaangalia yai, nikajiambia: nitapanda na sac yangu, nitasalimia, nitashuka, nani atajali? (Huo ndio uamuzi, ndugu zangu. Mdogo tu.)

Nilifika nimejikunja kama mgonjwa wa tumbo, jasho linachuruzika, mvua nayo imeanza. Na nyinyi mnajua kwetu mgeni haachwi mlangoni na mzigo. Mama Furaha akanijia mikono miwili mbele.

"Karibu mutoto yetu! Leta nikupokeye muzigo."

"Apana Mama, acha tu. Haiko muzito."

"Haiko muzito na unatoka jasho vile?"

Nikarudi nyuma hatua, naye akafurahi zaidi, akadhani ni adabu, akanivua ile sac kwa mkono mmoja (mkono mmoja!) na kuilaza katikati ya nyumba polepole kama anayelaza mtoto. Mgongo wangu ukawa mwepesi na moyo ukawa mzito. Baba wadogo wakasogeza viti. Niliona machoni mwao wanachokitarajia: nyama, au viazi vya mbegu, au kitu kikubwa zaidi. Mama akafungua kamba, akatoa jiwe. Akatoa la pili. Akaligeuza, akasoma kwa sauti, "Upanga." La tatu, "Ngoma ya mufalme." Kisha akanyanyua lile jeusi, akasoma polepole. "Yai ya joka."

Baba mdogo mmoja alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Njo nini hii? Unatuletea dawa mu nyumba?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mawe yenye maandishi, joka, kijana aliyeloa jasho, nani angefikiri kingine ila uchawi? Furaha alikuwa mlangoni mwa jikoni, amejishika kichwa. Lakini Papa Furaha hakuinuka. Ni mfugaji, mtu wa maneno machache. Akasema tu, "Eleza. Jiwe moja moja."

Nikaeleza. Nilianza na kigugumizi, nikaeleza kete, mashujaa, kiasi cha mzigo, halafu sijui ni nini kilinipata, nikafika kwenye daraja la kamba juu ya mto na pango lenye joto, na nilipoinua macho niliwaona wameegemea mbele wote, hata yule wa dawa, na mvua inapiga bati. Nikasema, "Sasa shujaa yangu anabeba bingi, hawezi kukimbia. Lazima aache bingine."

Mama Furaha akalishika lile jiwe la ngoma mapajani, akasema bila kuniangalia mimi wala mtu yeyote:

"Siye tulipokimbia Burungu, Furaha alikuwa mudogo. Nilimufunga ku mugongo, sufuria ku kichwa, jembe ku mukono. Mbuzi tuliacha. Godoro tuliacha. Picha ya ndoa yetu nilirudi kuichukua, kisha nikaiacha ku mulango, juu mukono ingine haikubakia."

Nilimwangalia yule mama, ile mikono iliyoninyang'anya mzigo kama kikapu kitupu, nikasikia mshangao ambao mezani kwa Solange sijawahi kuusikia, siyo kwa joka, siyo kwa mlango wa mawe. Machozi yalinilenga, na sikuona aibu kwa hilo.

Papa Furaha akaisukuma ile sac kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Nikuulize. Ukikimbia na mutoto yangu, humu utaacha nini?"

Nikapiga magoti. Nikatoa ngazi. Nikatoa fromage zote, panga zote, vyungu. Mkono ukagusa lile jeusi, ambalo Mama alikuwa amelirudisha ndani, na wakati huohuo Kambale akatokea mlangoni, ameloa chapachapa, ametumwa kuniita.

"Espoir! Yai apana! Tafazali kaka, yai apana!"

Nikaliweka chini na mengine. Kambale akaketi kwenye kizingiti kama aliyefiwa. Sac ikabaki tupu kabisa, nami nikasema, "Papa, naacha yote. Nitamubeba yeye."

Nilidhani nimejibu vizuri mno, hata nilinyoosha mgongo kidogo. Ndipo Furaha akatoka jikoni, akainama, akaanza kujazia mawe kwenye kitenge chake.

"Papa, mie niko na miguu. Juu ya nini anibebe? Nusu nabeba mie, nusu anabeba yeye, na tunakimbia."

Papa Furaha alimwangalia binti yake, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia niende nikawaambie wazazi wangu watume watu.

Solange hakusamehe: sac ilitoka mgongoni, yai limepotea, na Kambale alinisalimia kwa kidevu tu mpaka mwezi ukaisha. Mimi nimeapa kwamba kwa watu naenda mikono mitupu, na kama kuna mzigo wa lazima, kabla sijajitwisha namuuliza kwanza Furaha yeye anachukua upi.