Siku Mjomba Aliposhuka Duarani Peke Yake

Mjomba wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga tangu kabla sijazaliwa. Kiwanda kilipofungwa, katikati ya miaka ya tisini, alirudi nyumbani mtaani Kambarage na ovaroli yake ya buluu, akaifua, akaianika, na kesho yake akaivaa tena. Alikaa nayo barazani kila asubuhi kwa miezi mingi, kama mtu anayesubiri gari la kiwanda limpitie. Sisi vijana wa nyumba ile tulimpita pale tukienda shule.

Baadaye akaenda Masumbwe kwenye dhahabu. Akapewa usimamizi wa duara, yaani shimo moja la wachimbaji wadogo, na nilipofeli kidato cha nne alikuja kunichukua.

"Huko hakuna maswali," aliniambia tukiwa juu ya lori. "Ukiambiwa shuka, unashuka."

"Wewe kiwandani uliwahi kukataa kazi, mjomba?"

"Hata siku moja."

"Sasa mbona walikuachisha?"

Alivuta kofia usoni, akageukia barabara. Alibaki hivyo mpaka Kahama.

Duarani wengi tulikuwa wa rika moja, tumesoma kidogo na kukwama. Tulichimba kwa bidii kama wazee, ila tulikuwa na midomo. Tuliuliza kwa nini matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo, yanaachwa mpaka yanaoza. Wazee walicheka. "Watoto wa siku hizi," walisema, "kazi yao kuongea." Mjomba hakucheka. Alitukasirikia, nadhani, maana aliona tunachezea kazi, kitu ambacho yeye alishanyang'anywa.

Msimu ule mvua zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja tulikaa juu ya vifusi, tochi zetu zimezimwa. Aliyesimama kusema alikuwa kijana wa Kisumbwa, mpole, ambaye kwa kawaida ungelazimika kumsogelea ndipo umsikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mjomba aliitikia. "Mbona mmekaa?"

"Leo hatushuki. Ukuta wa kushoto umevimba. Tupeni magogo mapya, tutayafunga wenyewe, halafu tushuke."

Mjomba alinigeukia. "Na wewe?"

"Na mimi, mjomba."

Mwenye duara alikuwa ameegemea gari lake, anasikiliza. Alisema Masumbwe imejaa vijana wanaotafuta kazi, na wasimamizi pia hawakosekani. Akaondoka.

"Mnataka kubembelezwa," mjomba alisema. "Sisi hatukubembelezwa na mtu."

Nilimshika mkono. Akautoa mkono wangu taratibu, akashika kamba, akashuka.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gunia la pamba linaloanguka kutoka juu ya rundo. Kisha vumbi likapanda, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Tulioshuka kumtafuta ni sisi tuliokataa kushuka. Msumbwa alitangulia. Tulichimba kwa sululu, halafu kwa mikono kwa kuogopa kumchoma, na wazee walivuta udongo juu kwa ndoo huku wakilia. Tulimpata jioni, amebanwa kuanzia kiunoni, anarudia maneno yale yale ya Kisukuma: "Mayu wane, mayu wane." Mama yangu, mama yangu.

Hospitali hawakuweza kumfanyia mengi. Siku moja maumivu yalipotulia aliniuliza, "Yule kijana aliujuaje ukuta?"

"Alikuwa akiugusa kila anaposhuka."

"Mbona hakusema?"

"Alisema, mjomba. Sote tulisema."

"Nilisikia kelele tu," akasema. "Nilidhani hamtaki kazi."

"Tulitaka kazi. Tulitaka na kurudi juu."

Alifumba macho. Sijui kama alinielewa au alichoka. Alifariki kabla ya msimu wa pamba.

Msibani Kambarage, mkewe aliniuliza mbele ya watu, "Ninyi mlikuwa wapi, mwanangu?" Wazee wa duarani walisimulia kwamba vijana walimwacha mtu mzima ashuke peke yake, na ilikuwa kweli, kwa hiyo hakuna aliyetaka kusikia kilichotangulia. Msumbwa alikuja kwa lori kutoka Masumbwe. Alipompa mzee mmoja mkono wa pole, mzee akaangalia pembeni.

Matanga yalipokwisha, mmoja wa wale wazee wa duarani alitufuata nje, mimi na Msumbwa. Alikuwa na huzuni, na alikuwa na ujumbe.

"Tumefungua duara jingine karibu na lile. Mtakuja?"

"Matimba yake yakoje?" Msumbwa aliuliza.

Mzee alituangalia kama tumemtukana marehemu. Alirudi Masumbwe kutafuta wengine, na nilisikia hakuchelewa kuwapata.