Mzee Sultani Alivyopigana na Chumvi

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Singida mjini yakajaa soda na biskuti, Mzee Sultani naye alijaa. Alikuwa mfanyabiashara wa kuku. Ananunua vijijini, anawafunga kwenye matenga, anapandisha juu ya basi la Dodoma, kisha anajipongeza kwa soda ya baridi, na nyingine ya kuisindikiza ile ya kwanza. Basi ikaja sukari. Nayo haikuja peke yake, ilimleta mdogo wake presha, na hao wawili, alisema nesi Yustina wa kliniki, wakikaa nyumba moja wanakula macho na figo.

"Mzee wangu, dawa usiache, soda acha, ugali punguza, na chumvi uiogope."

Macho! Mchuuzi wa kuku asiyeona si atauziwa kunguru? Mzee Sultani aliogopa kwelikweli, na mtu mbishi akiogopa, jamani, wanaoumia ni wa nyumbani kwake.

Chumvi yote ilimwagwa shimoni. Mkewe Saada akatakiwa kupika amejifunga kitambaa kwenye paji la uso, jasho lisije likadondokea sufuriani, maana jasho lina chumvi. Vitunguu vikahamia uani, vikatwe mbali na jiko, kwa sababu ya machozi. Kuku aliyefugwa kando ya Ziwa Kindai hakuliwa tena nyumba ile. "Huyo kanywa maji ya chumvi tangu kifaranga," alisema mzee, na hapo hapo akamuuza kwa jirani bila kupepesa.

"Na mate je, Baba Hanifa?" Saada aliuliza. "Nayo tuyateme?"

Mzee akalifikiria jambo hilo kwa makini.

Kilichosalimika ni mlenda tu, ile mboga ya majani ya kuteleza. Na mlenda bila magadi haulainiki, kila mtu Singida anajua. Magadi hayakumtia mzee wasiwasi hata kidogo. Chumvi inatoka dukani, kwenye pakiti, na mambo ya dukani ndiyo yaliyomponza. Magadi ni udongo wa Mungu, bibi yake aliyala akafa mzee kabisa. Kwa kuwa chumvi imeondoka, akaagiza magadi yaongezwe. Tena akawa anatembea na kopo lake mfukoni, harusini na misibani, anainyunyizia mboga huku akiwasikitikia wanaokula chumvi.

Akarudi kliniki. Presha imepanda. Akarudi tena, imepanda zaidi. Asubuhi moja akaamka anawaona kuku wake kama wamo kwenye moshi, na moyo ukampasuka. Mtu anayejinyima kiasi kile, presha inatoka wapi? Akapata jibu: Saada. Alisimama uani, majirani wanasikia, akapaza sauti, "Mwanamke huyu ananitilia chumvi kwa siri! Anataka kunizika!"

Akawaita majirani waonje sufuria. Wa kwanza alisema haina chumvi. Wa pili akasema ipo, ila kwa mbali. Wa tatu akaomba kwanza aletewe ugali, ndipo aweze kuamua kwa haki.

Saada hakungoja hukumu. Binti yao, Hanifa, alishaolewa Manyoni. Nyumbani hakuwa na wa kumlilia. Alifunga khanga zake, akashika njia ya Ilongero kwa kaka yake Haji. Mlangoni aliacha neno moja tu: "Jipikie."

Akajipikia. Mlenda ukagoma kulainika, akaongeza magadi. Ukagoma tena, akaongeza tena. Akala kwa furaha ya mshindi huku kichwa kinamgonga. Alipofika kliniki, Yustina alimpima mkono mmoja, akampima wa pili, akamwambia alale kitandani.

"Nani anakupikia, mzee wangu?"

"Mimi mwenyewe! Hakuna mkono mwingine uliogusa sufuria yangu." Alisema kwa majivuno, halafu akasikia alichokisema.

"Na unaweka nini?"

"Chumvi hata chembe! Magadi tu." Akatoa kopo.

Yustina alilitazama kopo, akamtazama mzee, akavuta kiti akaketi. "Kile kinachopandisha presha kwenye chumvi, kwenye magadi nacho kimo. Mlango wa mbele umeufunga kwa kufuli, wa uani umeuacha wazi."

Mzee alitamani ardhi imeze kitanda na yeye juu yake. Macho angeweza kuyatibu kwa dawa na mboga zisizo na kitu. Saada je?

Alichagua jogoo wake bora, akaenda Ilongero. Shemeji Haji hakumkaribisha ndani. Aliwaita wazee, akamkalisha uani, kwa sababu aibu iliyotolewa uani hurudishwa uani.

"Saada hakunitilia chumvi," mzee alisema mbele ya watu. "Ni mimi. Kwa mkono wangu, kwa kopo langu." Akalionyesha. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro.

Saada hakucheka. Alileta sahani ya ugali kidogo wa mtama na mlenda wa nyanya, usio na chumvi wala magadi, mgumu wa kutafuna.

"Onja. Una chumvi?"

"Hauna, Mama Hanifa."

"Onja tena. Si wewe mpimaji?"

Akaonja. Akaambiwa aonje tena, akaonja, jasho linamtoka, hadi likabaki tonge la mwisho.

"Mimi presha sina," Saada akasema. "Sukari sina. Tangu siku uliyokatazwa chumvi, nami sijaionja. Nilikula chako, sahani moja na wewe, ili usijione mgonjwa peke yako. Uliwahi kuniuliza?"

Mzee Sultani akaiinamia sahani. Macho yale aliyoyapigania yakajaa, machozi yakashuka mashavuni, yakadondokea sahanini.

Saada akaivuta sahani upesi.

"Acha hilo tonge," alisema. "Sasa lina chumvi."