Ng'ombe wa Nyumba Ndogo

Wegesa alipoomba kwenda kusoma kompyuta Tarime mjini, mumewe alikubali shingo upande: muhula mmoja tu, na akifeli anarudi Nyambureti kushika jembe. Ndiyo maana asubuhi ile ya mtihani, katika darasa letu la Turwa, hapo hapo mjini, hakuwa na mzaha. Mimi nilikaa jirani yake, na mdomo wangu hautulii.

Tulitakiwa kuandika programu ya Java kuhusu jambo tunalolijua. Wegesa alichagua boma la baba yake, Mkurya mwenye wake wawili: programu itaje ng'ombe wa nyumba kubwa, ya mke wa kwanza, na wa nyumba ndogo, ya mke wa pili. Akabonyeza, mashine ikakataa. Mstari mmoja ulikosa nukta mkato. Akaiweka, akabonyeza tena, likazuka kosa jingine.

"Inasema haiwajui ng'ombe wangu," alilalamika. "Na nimewaandika hapa juu!"

"Labda wameibiwa," nikamwambia. "Si tuko Tarime?"

Hakucheka. Mwalimu Filemoni akasogea, akatazama. "Mama, angalia mabano yako. Umewaandika ndani ya yapi, na unawaita ukiwa ndani ya yapi?" Akaenda zake.

Wegesa akafuata mistari kwa kidole. Ng'ombe aliwaandika ndani ya mabano ya nyumba ndogo, halafu akawaita ndani ya mabano ya nyumba kubwa, ambako mashine haiwaoni. Kidole kikasimama hapo hapo.

Kwetu, ng'ombe wa mahari ya binti ndio wanaomwolea mke kaka yake wa tumbo moja. Wegesa ni mtoto wa nyumba ndogo. Alipoolewa, baba yake aliwaswaga ng'ombe wale hadi nyumba kubwa, kijana wa huko akaoa. Tomaso, kaka yake Wegesa, ni kapera mpaka leo.

Akaiandikia nyumba kubwa ng'ombe wake yenyewe, wale wa nyumba ndogo akawaacha kwao. Akabonyeza. Programu ikafanya kazi, ikataja kila nyumba na mifugo yake. Nilipiga makofi hadi mwalimu akanikaripia. Jembe la Nyambureti lingesubiri.

Kugeuka, namkuta Wegesa analia. Nikaona aibu kwa utani wangu.

"Mashine imekataa ng'ombe wetu kuitwa nyumba kubwa," alisema. "Siku ile kwa baba ulikaa ukoo mzima, na hakuna aliyekataa."